Damu ya Mama, Damu ya Mwana
Msichana aliyeugua homa ya baridi yabisi utotoni, moyo ukaharibika hata akawekewa vali ya chuma, kama wasemavyo watu, hulazimika kumeza warfarini maisha yake yote ili damu isigande kwenye vali hiyo. Siku ya arusi hupigiwa vigelegele na kuombewa uzazi. Ni nani akumbukaye kidonge? Dawa hiyo, iliyoingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya na kuidhinishwa kwa wanadamu mwaka 1954, hupenya kondo la nyuma. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 yaweza kuvuruga gegedu na mifupa ya mwana, pua ikabonyea. Baadaye yaweza kumvujisha damu ubongoni. Hatari huzidi kipimo kipitapo miligramu 5 kwa siku. Heparini haipenyi kondo, kwani molekuli zake ni kubwa. Lakini huilinda vali kwa udhaifu zaidi, na vali ikiziba, mama na mwana huweza kupotea pamoja. Shauri hili ni la kabla ya mimba, daktari akiwapo, si mavyaa akiisha kuhesabu miezi. Naye akiachaye kidonge kimyakimya, kwa huruma ya mwana, amejivua kinga moja bila kuvaa nyingine.