Kutoka Msaragambo Hadi Risiti

Kwetu milimani Upare, pembe ikilia alfajiri hakuna aliyeuliza kuna nini. Ni msaragambo: kila kaya itoe mtu, aje na jembe au panga. Kazi hiyo ya pamoja ilikuwapo kabla ya shule. Kwa njia hiyo wazee walifukua tope kwenye ndiva, yale mabwawa madogo ya kumwagilia mashamba, wakazibua mifereji na kutengeneza njia.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe amepata nafasi ya kuanza shule. Mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote tuliuita UPE. Uamuzi ulikuwa mkubwa, hazina ilikuwa ndogo. Basi pembe iliyokuwa ikiitia ndiva ikaanza kuitia madarasa, nasi watoto tukaingia kazini.

Kila balozi wa nyumba kumi alikuwa na lundo lake la mawe uwanjani. Hapakuhitajika taarifa ya maendeleo. Ukipita asubuhi unaona mwenyewe lundo la nani limepanda na la nani limedumaa, na balozi mwenye lundo fupi alikosa raha hata kilabuni. Wanaume walipasua mawe. Watoto tulisomba mchanga kutoka mtoni kabla ya kengele ya darasani. Kina mama walileta maji kichwani, ndoo baada ya ndoo, kupanda mlima, na bila maji hayo hakuna zege wala udongo wa kujengea. Hata hivyo jioni kamati ilipokaa, walioketi kwenye mabenchi walikuwa wanaume watupu. Hilo halisimuliwi sana.

Wala halisimuliwi kwamba msaragambo ulikuwa na meno. Asiyefika na asiye na sababu alichukuliwa kuku, au jembe lake liliwekwa rehani mpaka afidie siku yake. Wanaosema enzi hizo watu walijitolea kwa nyimbo na vigelegele tu wamesahau nusu ya habari. Lakini faini ile ilitozwa na jirani, mbele ya majirani, kwa kazi ambayo kila mmoja aliiona. Serikali ilileta bati, misumari na saruji kidogo, mara nyingine baada ya mvua kuwa imekwisha kubomoa ukuta. Na darasa lilipokamilika, mwalimu tuliyeletewa alikuwa kijana wa UPE, mhitimu wa darasa la saba aliyejifunza ualimu huku akifundisha. Hatukumcheka. Alitufundisha kusoma.

Miaka ya themanini mambo yalibana. Saruji ilipotea madukani, na watoto walianza kurudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa UPE. Vijana waliteremkia mijini na machimboni Mererani. Kwa kuwa hawakuwapo kubeba mawe, walituma hela, na hela hiyo ikahitaji mtu wa kuipokea, kuitunza na kuitolea risiti. Polepole pembe ikanyamaza, kitabu cha risiti kikachukua nafasi yake.

Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, na mwaka uliofuata mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, ukaanza kupeleka fedha za madarasa kwenye akaunti za shule. Kwa muda kamati ya shule ilipata nguvu, na baadhi ya shule zilibandika mapato na matumizi kwenye ubao. Halafu zikaja shule za kata. Kuanzia 2006, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, msukumo ulikuwa mkali: kila kata iwe na sekondari. Kila kaya ilipangiwa kiasi, na aliyechelewa alitembelewa na mgambo. Mbuzi waliondoka na kamba zao.

Mimi ni mtetezi wa shule za kata, hata zile zilizofunguliwa bila maabara na zenye walimu wa kuhesabika. Mabinti wa ukoo wetu ambao wangeishia kuwa wasichana wa kazi mjini walifika kidato cha nne. Lakini nakumbuka mkutano mmoja wa kijiji, mzee mmoja aliposimama na kumwuliza mtendaji:

"Mwanangu, zamani nilileta jiwe, nikaliona ukutani. Hii elfu kumi yangu nitaiona wapi?"

"Mzee wangu, fedha zote zimeingia kwenye saruji."

"Mifuko mingapi?"

Mtendaji alifungua daftari, akalifunga, akasema kikao kina ajenda nyingi. Mkutano uliofuata mzee hakuja, wala wengine wengi. Tangu hapo nasikia viongozi wakisema wananchi siku hizi ni wazito kujitolea. Sikubaliani nao. Watu waliacha kuchangia pale walipoacha kuona sehemu yao.

Waraka wa elimu bila malipo ulipotoka mwishoni mwa 2015, wengi waliuelewa kuwa michango imekufa, na hata waraka wa 2016 ulioruhusu michango ya hiari haukuwarudisha. Kisha 2021 zikaja fedha za UVIKO-19, mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa: vyumba 15,000 nchi nzima, shilingi milioni 20 kila kimoja. Vilijengwa kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi. Shule inaajiri mafundi wa hapo hapo, nazo kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi zinasimamia. Vijana wetu walilipwa ujira kwa kazi ambayo baba zao waliifanya bure, na majengo yale ni bora kuliko yetu ya mawe na udongo. Sina la kulalamika hapo. Ila nilipomwuliza mmoja wao shule ile ni ya nani, alijibu bila kusita, "Ya serikali, baba."

Karibu na vyumba hivyo yapo maboma. Utaratibu ulikuwa kwamba wananchi wachimbe msingi na kuinua kuta hadi lenta, halmashauri imalizie kenchi na bati. Wananchi wakainua. Bati halikuja, mwaka wa fedha ukapita, diwani akabadilika, na sasa ndani ya kuta hizo mmeota magugu na mbuzi wanajikinga jua. Kila mzazi anayepita hapo anajua mfuko wake wa saruji uliishia wapi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaopanga bajeti za halmashauri: kabla ya kuwaita watu tena wachimbe msingi mpya, ezekeni kwanza yale maboma. Na hesabu zake zibandikwe pale pale mlangoni, kwa maandishi makubwa, mifuko mingapi na ya nani.