Kutoka Waya wa Mwembeni hadi Bomba la Sentimita Mbili: Antena za Bariadi

Antena za kwanza wanazozikumbuka wazee wa Bariadi ni waya za shaba zilizotoka nyuma ya redio ya mbao, zikapita dirishani na kufungwa kwenye tawi la mwembe. Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikika kwa masafa mafupi, mawimbi ya mita 60 hivi, na waya wa mita kumi ni mfupi mno kuchagua upande wa kusikiliza wimbi refu kiasi hicho. Ulipokea kila kitu: taarifa ya habari, stesheni za ugenini na mikwaruzo ya radi.

Televisheni binafsi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994, Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Huku mbali, mawimbi yao yasikofika, aliyejiweza alisimamisha uani dishi la setilaiti la wavu, lenye kipenyo cha mita 2.4. Mbele yake ilikaa LNB, yaani kipokezi cha mawimbi yanayokusanywa na dishi, yenye bomba fupi la chuma, na bomba hilo ndilo kiini cha mambo. Wimbi halipiti ndani ya bomba la mviringo ikiwa kipenyo chake ni chini ya takriban asilimia 59 ya urefu wa wimbi. Kwa mawimbi ya sentimita 7.5, bomba chini ya sentimita 4.4 ni sawa na mlango uliofungwa. Ndani husimama kijiti chenye urefu wa robo ya wimbi hivi, kinachogeuza wimbi kuwa umeme. Kijiti kikilala upande usiolingana na wimbi, picha haiji, ndiyo maana fundi huizungusha LNB taratibu huku mtu aliye sebuleni akipaza sauti, "Imekuja! Imepotea! Rudisha kidogo!"

Mabadiliko makubwa yaliletwa na masafa ya juu zaidi, ambayo mawimbi yake ni mafupi zaidi. Wimbi la sentimita 2.5 hutosheka na bomba la sentimita mbili na dishi la sentimita 80. Gawanya kipenyo cha dishi kwa urefu wa wimbi: mita 2.4 kwa sentimita 7.5 ni 32. Sentimita 80 kwa sentimita 2.5 ni 32 vilevile. Ndiyo maana madishi yote mawili hukuza mawimbi karibu mara 6,000, yaani desibeli 38 hivi. Azam TV ilipoanza mwaka 2013, dishi dogo la bati liliweza kupigiliwa ukutani, likitazama magharibi iliko setilaiti. Gharama yake inajulikana kwa kila mwenye king'amuzi: wingu zito likitanda, picha huganda, kwa kuwa matone ya mvua hunyonya mawimbi mafupi kuliko marefu.

Kwenye minara ya simu, madishi yaliyofunikwa kama ngoma hurushiana mawimbi mafupi vivyo hivyo. La sentimita 60, katika gigahezi 15, hutoa mwale wenye upana wa nyuzi mbili tu, hivyo mnara ukiyumba kidogo mawasiliano hudhoofu. Zamani mtambo ulikaa kibandani chini, na bomba refu likapanda hadi juu, likijazwa hewa kavu lisishike unyevu. Siku hizi redio hufungwa mgongoni mwa dishi, na upotevu wa ndani ya bomba hilo refu unakwisha.

Wabunifu wamekwenda mbali zaidi: bomba bapa lililotobolewa mistari hurusha mawimbi bila dishi, na jingine huchongwa ndani ya ubao wa saketi kwa safu mbili za vitundu vya metali. Ni jembamba na jepesi, ila ubao hula sehemu ya nguvu na mistari iliyotobolewa hufaa masafa machache, kwa hiyo minarani dishi bado linashika nafasi yake.