Mjumbe wa Baridi Yabisi

Baridi yabisi ni jina lenye harufu ya tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu, iliyopima mwili kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Lakini mtu akishika kifundo cha mkono cha mgonjwa alfajiri, wakati vidole haviwezi kufunga hata kifungo cha shati, hukuta kimevimba, kina moto, na ndani mna maji. Si baridi wala si yabisi.

Moto huo huwashwa na mwili wenyewe. Chembe za kinga, ambazo kazi yao ni kupigana na vijidudu, huuvamia utando wa kiungo pasipo adui aonekanaye, zikaitana kwa wajumbe. Wajumbe hao ni protini ndogo ziitwazo saitokini, na kwa wito wao vita huzidi mpaka gegedu na mfupa vikaliwa. Kwa kuwa wajumbe ni wengi, ilidhaniwa kuwa kumzuia mmoja ni kazi bure, maana wenziwe wangeshika zamu yake. Marc Feldmann na Ravinder Maini, huko London, walifikiri vingine. Mwaka 1989 wao na wenzao walionyesha kwamba mjumbe mmoja, TNF, akizuiwa katika chembe zilizotolewa viungoni mwa wagonjwa, mwingine aliye mkali, interlukini ya kwanza, hufifia pia. Kumbe wajumbe wana mkuu wao.

Mwaka 1992 wagonjwa wa kwanza walitiwa mshipani kingamwili iliyoundwa kwa sehemu ya panya na sehemu ya binadamu, ili imkamate TNF. Habari za wagonjwa 20 zilitangazwa mwaka 1993: maumivu na uvimbe vilipungua upesi, kwa watu ambao dawa nyingine ziliwashinda. Furaha ilikuwa ya haki, ila haikudumu. Baada ya majuma kadhaa maradhi yalirudi, na dawa ikabidi kurudiwa. Mjumbe alikuwa amefungwa, lakini aliyemtuma hakuguswa.

Tena mjumbe huyu ana kazi nyingine, ya heshima. Mtu aweza kuishi miaka mingi na vijidudu vya kifua kikuu vilivyofungiwa ndani ya vinundu mapafuni, na TNF ni mmoja wa walinzi wa gereza hilo. Mwaka 2001 ilitangazwa Marekani kuwa watu 70 waliotibiwa kwa infliksimabu, dawa ile ile ya London, walishikwa na kifua kikuu, zaidi ya nusu yao nje ya mapafu.

Katika Tanzania na Kenya, ambako kifua kikuu kingali kingi, jambo hili lina uzito kuliko London. Hata mgonjwa aliyeweza bei ya dawa, nayo si ndogo, hupimwa kwanza kifua. Vijidudu vilivyojificha vikionekana, humeza dawa za kuvizuia kwa muda wa mwezi au zaidi kabla ya sindano ya kwanza, na vidole vyake vikingoja.