Tulifuata Mpango Tukiwa Tumesimama

Miaka ya mwanzo ya ugatuzi, baada ya 2013, miradi ya simu iliingia Garissa kwa kishindo. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana walioajiriwa kuunda programu ya kuwatumia wafugaji bei za soko la mifugo kwa ujumbe mfupi, ili aliye Modogashe au Dadaab ajue hali ya soko kabla hajaswaga ng'ombe wake hadi mjini.

Tuliambiwa tutafanya kazi kwa mtindo wa kuunda programu uitwao ajaili (agile), uliopata jina lake Februari 2001, pale waundaji programu 17 walipokutana Snowbird, Utah, wakatoa tamko lenye nguzo nne. Tukaufuata barabara. Saa tatu asubuhi tulisimama duara, kila mtu akasema alichofanya jana na atakachofanya leo. Ukutani, karatasi za manjano zilihama kutoka "bado" hadi "tayari". Kila wiki mbili tuliwaonyesha wakubwa wa Nairobi tulipofika.

Ruhusa ya kubadili kitu ndiyo hatukuwa nayo. Kazi za mwaka mzima zilikwisha kutiwa saini pamoja na bajeti. Nguzo ya nne ya tamko lile hutanguliza kuitikia mabadiliko mbele ya kufuata mpango. Sisi tulifuata mpango, tukiwa tumesimama.

Madalali walituonya mapema. Mmoja, mzee tuliyemwita adeer kwa heshima, aliitazama simu yetu akacheka. "Kijana, umeandika bei ya ng'ombe. Ng'ombe yupi? Dume la kuchinjwa Nairobi au mtamba wa kufuga? Na huyo mfugaji hasomi. Akitaka bei hunipigia mimi." Tuliyaandika maneno yake, tukayabandika ukutani, yakabaki kwenye "bado" kwa kuwa hayakuwamo mkatabani.

Wafugaji wenyewe hawahami kwa kubahatisha. Hutuma kwanza vijana wakapeleleze malisho na maji, na wakileta habari kwamba mvua imeuruka upande ule, safari hugeuzwa, wala hakuna wa kuwalaumu. Sisi pia habari kama hizo zilitufikia kila siku ya mnada, ila hatukugeuza safari.

Mambo yaligeuka alipokuja msimamizi mwingine. Alipunguza vikao, akatupeleka sokoni, akabishana na wafadhili hadi mkataba ukalegezwa. Tukagawa bei kwa jinsia, umri na unono, tukarekodi sauti ya Kisomali ya kusikilizwa kwa kupiga namba. Mpango wa awali, uliotula miezi, ukatupwa.

Bima ya mifugo, iliyoanza Marsabit mwaka 2010 na kufika Wajir 2013, nayo ilipitia njia hiyohiyo ya kubadilika. Mwanzoni ilifidia vifo vilivyokadiriwa kwa picha za setilaiti. Baadaye ikageuzwa ilipe mapema, mfugaji anunue lishe na maji mifugo ikingali hai.

Siku hizi nikimsaili mwundaji programu anayejisifia ajaili, simwulizi habari za vikao. Humwambia anitajie kitu alichokwisha kukikamilisha, kisha akakitupa kwa sababu mtumiaji alikikataa.