Gari la kulala njiani

Columbus, Ohio

Mjomba,

Nimenunua gari, na nataka ulisikie kutoka kwangu kwanza, maana wewe uliyeendesha Noah miaka mingi barabara ya Arusha–Moshi utauliza injini kabla ya rangi. Ni Toyota Sienna ya 2015, imeundwa Princeton, Indiana, jimbo la jirani. Injini ni V6 ya lita 3.5, na taiming yake ni ya cheni. Honda Odyssey niliyoitazama kwanza inatumia belti. Ilikuwa inakaribia maili 100,000 na muuzaji hakuwa na karatasi ya kuonyesha kama belti ilishabadilishwa. Nikaiacha.

Lakini huku adui mkubwa ni chumvi. Majira ya baridi inamwagwa barabarani kuyeyusha barafu, inarukia chini ya gari na kula chuma, hata mabomba ya breki. Unaweza kukuta bodi inang'aa, kumbe chini kumeoza. Ndiyo maana nikatafuta gari lililokaa Georgia, kusini, ambako theluji ni nadra, na nikamlipa fundi asiyejuana na muuzaji alinyanyue na kulimulika chini lote kabla sijatoa hela. Vijana wetu wanaofika huku wanakwepa gharama hiyo. Nawasihi wasiikwepe.

Ili mimi na mume wangu tulale humo safarini, viti vya katikati tumeving'oa, vya nyuma vinakunjwa na kuzama sakafuni, na ndani inaingia plaiwudi nzima ya futi nne kwa nane. Toleo jipya lisingetufaa: kuanzia la 2021 Sienna zote ni haibridi, mafuta zinakula kidogo sana, ila viti vya katikati havikuundwa ving'olewe. Juu ya plaiwudi tumeweka godoro la sponji, na chini ya plaiwudi makasha ya nguo na vyombo. Kuna kifeni cha dirishani, kwa sababu watu wawili wakilala vioo vimefungwa, pumzi inageuka maji na matandiko yanalowa. Kwenye baridi tutajifunika mablanketi tu. Injini haitawashwa tukiwa tumelala: theluji ikiziba ekzosi, kaboni monoksidi inaingia ndani, haina harufu, na imeshaua watu.

Mjomba, nchi hii tunaijua kwa zamu za kazi tu. Mume wangu anajua ghala, mimi najua nyumba ya kutunzia wazee, na barabara inayounganisha kazi na kitanda chetu. Tunatuma nyumbani kinachopatikana, na tutaendelea kutuma. Lakini Yellowstone imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1872, ya kwanza duniani, na nyati wake sijawaona ila kwenye simu. Hoteli za njiani zingetumaliza. Lakini kwenye misitu mingi ya taifa, ukikaa nje ya kambi za kulipia, unalala bure, kwa kawaida hadi siku 14. Kiangazi kijacho tutashika barabara kuu ya I-90, inayotoka Boston hadi Seattle, tupitie Badlands za South Dakota, ndipo tuelekee huko kwa nyati.

Sasa nisaidie. Tutabeba maji lita 40, jiko, mtungi wa gesi na betri ya akiba. Wewe ulipopakia mzigo mzito, ulikuwa unauweka juu ya ekseli ya nyuma au unausogeza mbele? Nijibu kabla hatujapigilia makasha.

Msalimie mama na wote nyumbani.