Rambo Jukwaani Nantes

Nilikwenda Ufaransa na orodha ya maduka kichwani. Sisi tunaoshona maleba na kuunda vikaragosi Dar es Salaam, plastiki ya kazi huwa tunaiona pichani tu: mabamba ya povu la polithini, unayapasha moto, unayapinda, yanageuka kofia ya chuma ya askari au pua ya nyati. Huku tunachuna magodoro yaliyochakaa na kubandika kwa gundi ya fundi viatu. Basi treni ilipotoka Paris, stesheni ya Montparnasse, kuelekea Nantes, nilikuwa napiga hesabu ya bamba moja na uzito wa begi.

Mwenyeji wangu, dada wa Bukavu aliyehamia huko zamani, alinipeleka kwanza kumwona tembo. Tembo wa Nantes ni wa mbao na chuma, kimo chake mita 12, na tangu 2007 anatembeza abiria palipokuwa viwanda vya meli, akiwarushia watu maji kwa mkonga. Watoto walipiga mayowe ya furaha. Mimi nilimwangalia nikachoka. Kikundi chetu kinasafiri kwa daladala.

Jioni ndipo tukaenda ukumbini. Phia Ménard, msanii aliyeanzia kwenye sanaa ya kurusha na kudaka mipira, alianzisha kundi lake la Non Nova mwaka 1998, na maskani yake ni hapo Nantes. Mchezo wake tuliokwenda kuuona unaitwa L'après-midi d'un foehn. Jukwaa ni duara lililozungukwa na feni, na watazamaji wamelizunguka. Katikati ameketi mtu mwenye koti refu, ana mkasi na selotepu. Akachukua mfuko wa pinki, akakata, akabandika, akakata tena, pasipo haraka yoyote.

"Iko sashe tu, dada," mwenyeji wangu akaninong'oneza.

Sashe kwao, rambo kwetu! Lile lile lililokuwa likijaa mitaroni kwetu mpaka serikali ikalipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Yule mtu akaondoka. Feni zikaanza kupuliza, muziki wa mtunzi Debussy ukaingia. Mfuko ukatikisika upande mmoja, ukavimba kifua, ukainua kichwa, halafu ukasimama dede. Ukachukua hatua. Ukaruka. Baadaye wakaja wenzake wa kila rangi, wakapanda mpaka karibu na taa, na mzee aliyekaa mbele yangu akafunika mdomo kwa kofia.

Mimi nilikuwa natazama selotepu. Feni zimeelekezwa ili upepo ujizungushe na kupanda katikati. Hakuna kamba, hakuna fimbo, hakuna mkono ndani. Mfuko una gramu chache tu. Kitambaa kingepitisha hewa, turubai lisingenyanyuka, karatasi ingekunjika ikabaki na kovu. Nailoni nyembamba hushika hewa na kuiachia papo hapo. Ila bila selotepu ni takataka inayopeperuka: palipobandikwa pana uzito kidogo na ukakamavu, ndipo kiuno, ndipo bega. Fundi amechora mwili mzima kwa selotepu, na kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko ya tembo.

Mwenyeji akanisimulia VORTEX, mchezo mwingine wa Ménard, ambamo mwenyewe huingia katikati ya feni hizo hizo akiwa amevaa plastiki tabaka juu ya tabaka, akizichuna moja moja. Maleba ya hivyo Dar, mwezi wa pili? Mchezaji ataiva kabla ya pazia kufungwa.

Asubuhi nikataka rambo la kujaribia. Halikupatikana: Ufaransa nayo iliondoa mifuko hiyo kwenye kaunta za malipo mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikaondoa ya matunda. Sokoni nilipewa mfuko wa wanga unaooza. Tuliukata jikoni, tukaupulizia mashine ya kukaushia nywele, ulilegea, ukalala. Na hata lingepatikana, ningeingia nalo vipi uwanja wa ndege wa nyumbani?

Mabamba ya povu sikununua. Sasa nakusanya nailoni za kufungia magodoro. Muuzaji mmoja Kariakoo hunipa bure. Ni nene kidogo, feni ya mezani haizinyanyui hata mkono mmoja. Fundi wa mtaa wa Gerezani anasema anaweza kuniungia feni kubwa kutokana na mota ya zamani, lakini bado tunavutana juu ya bei aliyoitaja.