Kwa Mjukuu Aliye Nairobi: Albamu ya Kwanza ya Mwanamitindo

Albamu ya kwanza ya mwanamitindo ni picha chache, nane hadi kumi na mbili, zinazomwonyesha mwajiri sura ya mtu ilivyo na namna anavyoweza kuigeuza. Haihitaji jalada la ngozi. Wala si kitu cha kununuliwa kwa shilingi 35,000 kutoka kwa mtu ambaye hajampiga mwanamitindo huyo picha hata moja. Kiasi hicho kinatajwa kwa sababu ndicho kilichofika Runyenjes kwa mdomo wa utingo wa matatu, pamoja na habari kwamba ng'ombe wa mama anatafutiwa mnunuzi. Nyumbani ni wazima, na kahawa imechanua.

Hatua ya kwanza haina gharama. Kampuni za wanamitindo, za Nairobi na za ng'ambo, huomba kwanza picha za kawaida: uso wa mbele, uso wa ubavuni, mwili mzima wa mbele na wa nyuma. Nywele hufungwa, uso haupakwi kitu, nguo ni fulana ya kubana na jinzi, na nyuma ni ukuta mtupu. Simu nzuri inatosha. Hutumwa pia vipimo: urefu, kifua, kiuno, nyonga na namba ya kiatu. Kuongeza sentimita tatu ni kazi bure, maana mtu hupimwa upya mlangoni.

Mwanga ndio unaohitaji elimu kidogo. Mstari wa Ikweta unapita karibu kabisa na mji wa Meru, na Embu haiko mbali nao. Saa sita mchana jua humsimamia mtu utosini, macho yakawa mashimo mawili meusi na pua ikaangusha kivuli hadi mdomoni. Wapigapicha wa harusi hupiga saa hiyo kwa sababu bwana harusi amechelewa. Mwanamitindo hana udhuru huo. Apigwe kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Mwezi wa Julai, wingu la baridi likifunika kutoka Manyatta hadi Nkubu, siku nzima inafaa, kwani wingu hulainisha mwanga kuliko taa yoyote ya studio.

Baada ya hapo hutafutwa mpigapicha. Mjini Meru na Embu wako vijana wenye kamera ambao nao wanatafuta kazi za kuonyesha. Hukubaliana kwamba huyu analeta sura, yule analeta kamera, na hakuna anayemlipa mwenzake. Mapatano huandikwa: picha ngapi zitatolewa, lini, na zitatumika wapi. Mashamba ya chai ya Imenti yanapendeza sana nyuma ya mtu, lakini mwajiri hanunui majani chai. Ngozi ising'arishwe kwa kompyuta. Ajuma Nasenyana, mzaliwa wa Lodwar aliyefika majukwaa ya Ulaya na Marekani kwa weusi wake, amewahi kusema hadharani dhidi ya krimu za kuchubua. Picha za nusu uchi hazina nafasi katika albamu ya kwanza. Na msichana haendi kupigwa picha peke yake.

Kuhusu fedha, kanuni ni moja: kampuni ya kweli hula pamoja na mwanamitindo, haimli mwanamitindo. Hukata asilimia yake, mara nyingi kama 20, kazi inapolipwa. Anayedai ada ya kusajili, ada ya albamu au ada ya viza kabla ya kazi, biashara yake ni hizo ada.

Mwaka 1986 mgeni mmoja kutoka Nairobi alipanga chumba mjini Embu na kukodi studio ya mwandishi wa barua hii kwa siku mbili, pazia lililochorwa mlima na taa mbili zikiwemo. Wasichana kumi na mmoja walipanga foleni, kila mmoja na shilingi 500. Wakati huo kulikuwa na kaya zilizosubiri malipo ya kahawa mwaka mzima ili kuziona fedha kama hizo. Kamera za filamu zilikuwa na siri ambayo mteja haijui: mpigapicha akivuta wenzo wa kusogeza filamu, kile kishikio kidogo cha juu kushoto huzunguka chenyewe, kwa kuwa filamu inakivuta kutoka ndani. Siku ile kishikio hakikuzunguka hata mara moja. Kamera ilikuwa tupu. Mgeni alivuta wenzo, akabofya, akasema "vizuri sana", akamwita anayefuata. Mwenye studio aliliona hilo tangu msichana wa pili, akanyamaza, kwa sababu kodi ya siku mbili ilikuwa imelipwa taslimu na paa la studio lilikuwa linavuja. Mgeni hakurudi. Mmoja wa wale kumi na mmoja aliolewa baadaye katika boma hili. Ndiye mama ambaye ng'ombe wake sasa anatafutiwa mnunuzi, na hadi leo hajauliza, wala hajaambiwa.

Kinyume chake ni mwanamitindo Iman. Mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mpigapicha Peter Beard alipomwona barabarani. Kabla ya kupigwa picha alitaka mpigapicha amlipie karo. Fedha zilitoka kwa mwenye kamera. Hata hivyo huko New York alitangazwa kuwa mchungaji aliyeokotwa porini, naye ni binti wa balozi wa Somalia anayesema lugha kadhaa.

Sura ya mtu ni mali yake pia kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu picha kuwa taarifa binafsi, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Sheria hiyo ilichelewa kwa wengine. Picha ya mchuma kahawa iliyopigwa na mwandishi huyu ilitundikwa ofisini kote kwenye kalenda ya kampuni moja, na si mpigapicha wala mchumaji aliyeonja hata senti.

Ukuta wa ghala la kahawa umepakwa chokaa upya na jua huufikia saa moja kasorobo. Nauli ya kuja imetumwa kwa M-Pesa. Mtu wa Nairobi akiandika mkataba, uletwe na usomwe mezani pamoja na mama. Kabla ya hapo ng'ombe hauzwi.